Ngwe ya Joha

Joha alikuwa na majina mawili, na yote mawili aliyaitikia kwa sauti moja.

Kwa upande wa mama yake, Wasagara waliolima bonde hili kabla reli haijafikiriwa, aliitwa Joha. Kwa upande wa baba yake, Wanyamwezi walioletwa kukata mkonge wakasahau njia ya kurudi Tabora, aliitwa Agnesi, jina alilobandikwa na shangazi yake Verdiana siku ya saba baada ya kuzaliwa, bila shangazi kumuuliza mtu. Wazazi wenyewe walifunga ndoa bomani Kilosa, mbele ya Bwana Shauri Mzungu, muda mfupi kabla ya Uhuru, kwa sababu msikitini na kanisani kote waliambiwa warudi nyumbani wakafikirie vizuri. Hawakufikiria. Sasa binti yao alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujibu. Ndugu wa mama walisema mdomo huo ameutoa kwa baba. Ndugu wa baba walisema ameutoa kwa mama.

Miaka mitatu nyuma, lori la serikali lilikuwa limewakusanya wote, wenyeji wa vilimani na wakuja wa kambi za mkonge, likawashusha mahali pamoja, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha Ulaya cha hapohapo Kilosa. Kijiji kipya kikapewa jina la Tupendane. Nyumba zilipangwa safu mbili. Wenyeji walichukua safu ya juu, wakuja safu ya chini, na katibu wa kijiji, Melkizedek, aliposhindwa kuamua nyumba ya Beda na mkewe Mwamvua iende safu gani, akaiweka kwenye kona, peke yake, inatazama choo cha shule.

Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja la mahindi, ekari arobaini, na shamba hilo lilikuwa na desturi ambayo hakuna afisa aliyeiandika. Siku ya palizi watu walijigawa. Wasagara walianzia upande wa mto, Wanyamwezi upande wa barabara, kila mtu na ngwe yake, yaani kipande chake alichopimiwa kwa kamba, na pande zote zikapalilia kwenda katikati. Waliotangulia kufika katikati walipakuliwa chakula na walioshindwa. Na kwa kuwa makabila hayo ni watani tangu enzi za wapagazi, hawakupalilia kimya. Kila upande ulikuwa na msemaji wake, na msemaji alitukana upande wa pili tangu jembe la kwanza mpaka la mwisho. Majembe yaliufuata mdomo. Upande uliotupa neno zuri ulicheka, ukapata nguvu; upande uliokosa jibu ulipoteza mdundo, mikono ikawa mizito.

Miaka yote Joha alikuwa mbeba maji. Alipita kwa Wasagara na ndoo kichwani, akapita kwa Wanyamwezi, akasikia yote. Mara nyingi msemaji alipokuwa bado anakuna kichwa akitafuta jibu, Joha alikuwa nalo tayari mdomoni, tamu, limekamilika. Akalimeza. Mbeba maji hana upande, na asiye na upande hana neno.

Lakini sasa alikuwa amemaliza darasa la saba, na jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya nguvukazi. Leo angepimiwa ngwe yake ya kwanza. Alikuwa ameamka kabla jogoo hajawika, akanoa jembe ambalo lilikuwa kali tangu jana.

Melkizedek alisimama juu ya mzizi na karatasi zake, akaanza kusoma majina. Alipofika kwa Joha akakuna sikio kwa kalamu.

"Huyu nimuweke wapi?"

"Huku," alisema mjomba Chande, kaka wa mama yake na msemaji wa Wasagara. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hilo halina mjadala."

"Mjadala upo," alisema shangazi Verdiana kutoka upande wa barabara. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika bila kunyanyuliwa, na ndiye aliyekuwa msemaji wa Wanyamwezi. "Soma hapo, katibu. Imeandikwa mtoto wa nani? Wa Beda. Beda ni nani? Ni mdogo wangu. Agnesi, mwanangu, njoo huku ulime na watu wanaojua kulima."

"Usimtishe mtoto, shemeji. Joha, chukua jembe."

Watu walianza kucheka. Joha hakucheka. Alimtazama mama yake, Mwamvua, ambaye alikuwa anafunga khanga kiunoni na kujifanya hasikii. Baba yake hakuwapo. Alikuwa Mikumi na gangi lake la mafundi reli, na hakutarajiwa mpaka mchana. Mjomba Chande akamshika mkono kwa upole, akamvuta, na kabla hajajua amekubali au amekataa, kamba ilikuwa imeshapimwa, kijiti kimechomekwa, naye amesimama kwenye ngwe ya upande wa mto, kati ya mama yake na mjomba.

Alipiga jembe la kwanza. Udongo ulikuwa laini, mvua ilikuwa imenyesha juzi. Magugu yaling'oka na mizizi yake. Kwa muda hakufikiri chochote isipokuwa raha ya kuona mstari wake unasonga sambamba na mistari ya watu wazima.

"Wasagara," Verdiana alifungua siku, "jembe linashikwa upande wa mti. Chuma ndicho kinaingia ardhini. Nawaelekeza kwa kuwa babu zenu walipoona chuma cha kwanza walikimbilia mlimani."

"Walikimbia sura zenu," alijibu Chande. "Chuma walikuwa nacho."

"Na hawakushuka mpaka serikali ilipowafuata na lori."

"Sisi tulipanda lori, shemeji. Nyie mlitaka kulibeba kichwani."

Upande wa mto ulilipuka. Majembe yalishuka pamoja, yakapanda pamoja, na Joha alisikia mwili wake unachukuliwa na mdundo kama mtu aliyeingia ngomani. Walisonga. Jua lilipanda. Binamu yake Costancia, binti wa Verdiana, ambaye sasa ndiye mbeba maji peke yake, alipita na ndoo akamnong'oneza, "Mkono wako wa kushoto unalima Kinyamwezi, nimeuona."

"Pita na maji yako."

Waliendelea hivyo mpaka jua likasimama karibu na utosi. Katikati ya shamba palikuwa pamebaki ukanda wa magugu, na sasa kila upande uliweza kuona meno ya upande wa pili. Wasagara walikuwa mbele kwa hatua kama tano. Verdiana aliliona hilo. Akaacha kulima, akaegemea jembe lake, akasema kwa sauti ya huruma kabisa:

"Chande, shemeji yangu, nilisahau kukupa habari njema. Yule tembo wa mwezi uliopita amepatikana."

Majembe ya pande zote yalipungua kasi. Kila mtu alijua kinachokuja, na hakuna aliyekuwa amethubutu kukisema. Mwezi uliopita, alfajiri, Chande alitoka dungu la kulindia mahindi mbio, bila shuka, akipiga kelele kwamba tembo wa Mikumi ameingia shambani. Kijiji kizima kilitoka na madebe na mienge.

"Alikuwa pale shuleni," aliendelea Verdiana. "Ametulia tu. Mwalimu anachotea maji. Kumbe ni pipa, shemeji. Upepo ulilibingirisha kidogo, nalo likashangaa kuona mtu mzima anakimbia uchi."

Kicheko kilitoka kwa Wanyamwezi, kikavuka ukanda wa magugu, kikawakamata Wasagara wenyewe. Watu waliinama wakishika magoti. Chande alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, hapakutoka kitu. Upande wa barabara majembe yaliamka, na ule mwendo wa hatua tano ukaanza kuliwa: nne, tatu. Upande wa mto mikono ilikuwa imelegea. Joha alimtazama mjomba wake, aliyempimia ngwe asubuhi kwa furaha, naye sasa anatazama ardhi kama aliyepoteza sindano. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Limekamilika.

Hakulimeza.

"Ni kweli lilikuwa pipa," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Mjomba asilaumiwe. Mimi mwenyewe nililisikia linavyobingirika. Ila mimi sikudhani ni tembo. Nilidhani ni Verdiana anakuja kuazima chumvi."

Shamba zima likaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja wa Kinyamwezi alikaa chini kabisa, akapiga udongo kwa kiganja. Costancia alimwaga ndoo nzima ya maji. Kwa Wasagara majembe yalinyanyuliwa juu, watu wakaruka, na Chande, machozi yanamtoka, akawa anarudia, "Chumvi, jamani. Chumvi."

Verdiana peke yake hakucheka.

"Nani kasema?"

"Ni mimi, shangazi."

"Wewe nani?"

Watu huulizana hivyo milangoni kila siku na kujibu bila kufikiri. Joha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa neno. Maana kama aliyesema ni Joha, basi alikuwa mtani halali na Verdiana angepaswa kujibu au kushindwa. Kama aliyesema ni Agnesi, basi alikuwa mtoto aliyemtukana shangazi yake mbele ya kijiji.

"Nauliza," alisema Verdiana, na sasa hapakuwa na anayecheka. "Chande ni mtani wangu. Mwamvua, wifi yangu, ni mtani wangu. Hao wakiniita pipa nitawaita debe, tutakula pamoja jioni. Lakini wewe nimekubeba mgongoni. Mimi ni baba yako wa kike. Damu yangu ikinitania, hilo si utani tena, ni tusi. Utaomba radhi."

"Ni damu yetu vilevile," alisema Chande.

"Basi mchukueni mzima. Asije kwangu tena kama mtoto. Asije kusukwa nywele, asije kula wali wa Krismasi. Aje kama wanavyokuja watani, asimame mlangoni."

Akatupa jembe, akakaa juu ya tuta. Nyuma yake Wanyamwezi wote wakaweka majembe chini. Ukanda wa magugu ulibaki katikati, upana wa nyumba moja, na hakuna aliyeugusa.

"Omba radhi yaishe, mwanangu," alinong'ona Mwamvua. "Neno moja tu. Halina uzito."

"Lina uzito, mama."

Alijua lina uzito, ingawa hakujua bado kulieleza. Akiomba radhi, atakuwa amekubali kwamba alitukana kweli, kwamba hakuwa na haki ya kusema, na mwakani atarudishiwa ndoo. Akisema yeye ni Msagara mtupu, haki ya kusema atakuwa nayo, ila atakuwa ameupoteza mgongo uliombeba. Alisimama na jembe lake kwenye mwisho wa ngwe, jasho linamkauka, na watu wote wanamtazama.

Wakati huo baba yake akatokea barabarani. Beda alikuwa ameshuka kwenye kiberenge cha reli, akamalizia njia kwa baiskeli, kofia ya kazi bado kichwani na samaki wakavu wamefungwa nyuma. Aliona mistari miwili ya watu imesimama kama timu za mpira zinazosubiri refa.

"Kuna msiba?"

"Mwanao kanitukana," alisema Verdiana.

"Kasema nini, dada?"

Hapakuwa na aliyetaka kurudia, hivyo Melkizedek, ambaye alipenda mambo yawe kwa utaratibu, alieleza neno kwa neno, pipa na mbingiriko na chumvi. Beda alisikiliza kwa heshima zote. Kisha akainama ghafla kufunga kamba za viatu vyake, na aliinama muda mrefu, mabega yanatikisika. Alikuwa amevaa kandambili.

"Beda, nakuona."

"Nisamehe, dada. Ni vumbi." Akasimama, akajifuta macho. "Mimi sina la kuamua. Mtoto ni wangu, lakini mdomo huo ni wa kwao."

"Wa kwao?" Verdiana alinyanyuka nusu. "Wasagara walipata wapi mdomo kama huo? Mdomo huo ni wa mama yetu. Mama alimnyamazisha nyapara wa mkonge mpaka akaomba uhamisho."

"Samahani, shemeji," alisema Chande. "Mdomo huo nimeulea mimi. Tangu akiwa hivi."

"Wewe uliyeshindwa na pipa?"

"Nilikuwa nampa nafasi."

Joha aliwasikiliza wakigombania kinywa chake, na kitu kikafunguka kifuani mwake, chepesi, karibu na kicheko. Asubuhi walimvuta mikono, huyu huku, huyu kule, na yeye akaenda alikovutwa. Akanyanyua jembe, akaiacha ngwe yake, akaingia kwenye magugu. Alitembea mpaka katikati hasa, pale ambapo hakuna aliyekuwa amefika, mahindi yanamgusa viwiko pande zote.

"Shangazi umeniuliza mimi nani," alisema. "Nitakujibu. Babu yangu Mnyamwezi alitoka Tabora na mzigo wa mtu kichwani. Alipofika bonde hili akamkuta babu yangu Msagara ameegemea mpini wa jembe, wakasalimiana. Akaenda pwani. Aliporudi, mwaka wa pili, akamkuta palepale, ameegemea mpini uleule. Ndipo akatua mzigo. Watu wanasema alifuata mkonge. Uongo. Alikaa ili aone yule mwenzake atalima lini." Akamgeukia Chande. "Mjomba, na mimi nimekaa. Bado nasubiri."

Sasa waliocheka kwanza walikuwa wa barabarani. Kicheko chao kilianza chini, kikapanda, na kabla hakijafika juu Wasagara nao walikuwa wamekipokea, kwa sababu Chande, maskini, alikuwa ameegemea jembe lake tangu ugomvi uanze, na alipogundua akaliachia kama limemchoma. Mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa amekaa chini alilala kabisa. Mwamvua alifunika uso kwa khanga. Beda safari hii hakuinama. Alicheka wazi, kofia mkononi, hadi samaki wakaanguka kutoka kwenye baiskeli.

"Huyo ni wetu," alipiga kelele mtu wa barabarani.

"Alikuwa wetu kabla," akajibu mtu wa mtoni.

Chande alijifuta macho, akakunja uso kwa jitihada. "Sasa na mimi nimetukanwa. Na mimi nataka radhi yangu."

"Panga foleni," alisema Verdiana. "Mimi nilianza." Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na mdomo wake ulikuwa umekazwa kama wa mtu aliyebeba maji ndani yake.

Melkizedek alipita kwenye mahindi na karatasi zake. "Lakini mimi nijaze nini? Kuna mto na kuna barabara. Nafasi ya tatu hakuna."

"Chora," alisema Joha.

"Nichore?"

"Ndiyo, katibu. Una kalamu. Andika hapa nilipo ni ngwe yangu. Natania kulia, natania kushoto. Atakayetaka kunijibu anijibu, kutoka upande wowote, nitasikia."

Melkizedek alitazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyemkataza. Akaweka karatasi juu ya goti, akachora mstari.

Joha alikuwa ameshaanza kulima. Alianza na gugu kubwa lililokuwa mbele yake, akaling'oa, akalitupa nyuma, na mdundo ukamrudia, wa peke yake. Punde kushoto kwake akasikia jembe la mama. Kisha la pili, la tatu. Kulia Wanyamwezi walikuwa wanainama mmoja mmoja, wanachukua majembe yao, na pande zote zilianza kumjia, zinakula magugu, zinatupiana maneno juu ya kichwa chake. Costancia alirudi na ndoo iliyojaa, akasimama karibu, macho yanang'aa.

Wa mwisho kufika alikuwa Verdiana. Alilima mpaka akawa mbele ya mpwa wake, uso kwa uso, jembe kwa jembe, akihema. Alinyooka, akaegemea mpini, akagundua, akauachia haraka. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Agnesi," alisema.

"Abee, shangazi."

"Joha," alisema, kwa shida kidogo, kama anaonja chakula cha jirani.

"Abee, shangazi."

"Nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya baba yako, mbele ya mjomba wako, na mbele ya katibu wa kijiji. Umeniita pipa. Unaomba radhi, huombi?"

Joha alipiga magoti kidogo, kama binti anavyopaswa kumwinamia shangazi yake, akampa shikamoo ambayo tangu asubuhi hawakuwa wamepata nafasi ya kupeana. Verdiana akaipokea, marahaba, akasubiri lililobaki.

Joha akasimama, akaushika mpini.

"Radhi siombi, shangazi. Leo siombi, na kesho siombi."

"Debe wewe," alisema Verdiana, na kicheko alichokuwa amekibana mdomoni kikamtoka.